Una jengo la zamani Mwanza unataka liwe maktaba? Anza na maji, rangi baadae

Haya wadau. Huku kanda ya ziwa kuna watu wengi wanaangukia majengo ya zamani, mara ghala la pamba la ushirika limekaa tu popo wanazaliana humo, mara duka la Kihindi katikati ya mji lenye mwaka umeandikwa juu ya mlango, mara ofisi ya kata iliyohama, na wazo la kwanza likija ni lilelile, tupige rangi, tuweke tailizi, tulete vitabu, tumwite mgeni rasmi akate utepe. Masika moja tu ikipita ukuta umevimba, vitabu vya chini vina ukungu, na ndoo zimepangwa kwenye korido. Kwa hiyo hapa naandika jinsi ya kuifanya hiyo kazi kwa mpangilio ninaouona mimi, na mpangilio wenyewe ni huu: maji kwanza, uzito wa pili, vingine vyote vinafuata, rangi mwisho kabisa.

Makaratasi nitayapitia harakaharaka maana hayana utamu ila yanaua mradi. Jua jengo ni la nani kwa maandishi, sio kwa "lilikuwa la chama". Maghala mengi ya pamba huku yalijengwa na ushirika, enzi zile za kina Paul Bomani miaka ya 1950 na baada ya hapo, na mali za ushirika zina historia ndefu ya kugombaniwa, kwa hiyo mkataba wa pango wa miaka mingi au barua ya kukabidhiwa iwepo kabla hujatoa hata shilingi. Kibali cha ujenzi halmashauri, ukarabati mkubwa nao unahitaji kibali usidanganywe. Jengo likiwa la Mjerumani au la zamani kweli wapigie Idara ya Mambo ya Kale kwanza, kuna sheria ya tangu 1964. Na Bodi ya Huduma za Maktaba, hii ya sheria ya 1975, waone mapema kabisa, mwanzoni mwa michoro, maana maktaba ya umma bila mtu wa maktaba kwenye meza ya michoro inaishia kuwa ukumbi wenye rafu.

Sasa maji.

Nenda kwenye jengo mvua inanyesha. Sio jana yake ilinyesha, inanyesha sasa hivi. Vuli ni Oktoba mpaka Desemba, masika Machi mpaka Mei, kwa hiyo ukipewa jengo mwezi wa saba usikimbilie kufunga bajeti, subiri vuli ianze ndo utajua unachonunua. Chukua chaki, mwavuli, tochi na simu. Zunguka ndani, kila penye tone weka alama sakafuni na andika saa, penye unyevu ukutani chora mstari pale unapoishia, ukirudi kesho yake utaona umepanda au umeshuka. Unyevu unaotoka juu kushuka ni bati au gata. Unyevu unaopanda kutoka chini, mara nyingi mpaka usawa wa kiuno hivi, huo unatoka ardhini na hauponi kwa rangi wala kwa plasta, nitaurudia.

Afu toka nje uende nyuma ya jengo. Mji wetu umekaa juu ya mawe, na jabali halinywi maji, mvua ikipiga kilimani yote inateleza kuja chini kwa dakika chache, ikikuta ukuta wako ndo imefika. Majengo mengi nyuma yake kuna jiwe kubwa limekaribiana na ukuta, katikati pamejaa majani, mifuko na udongo, na huo udongo unabaki umelowa hata wiki nzima baada ya mvua. Hapo safisha mpaka uone msingi, kisha chimba mtaro wa kukinga upande wa juu, wenye mteremko, uyapeleke maji pembeni ya jengo kabla hayajaligusa. Kama kuna kazi moja tu una hela ya kufanya mwaka huu basi ifanye hiyo, na sidhani kama kuna mgeni rasmi atakayekuja kuizindua.

Kingine cha kuangalia ni usawa wa ardhi nje. Barabara inainuliwa, baraza inaongezewa zege, takataka zinajazwa, miaka ikienda unakuta nje kuko juu kuliko sakafu ya ndani. Shusha huo udongo uwe chini ya sakafu angalau sentimita 15 mpaka 20. Ile tabia ya kumwaga zege kuzunguka jengo lote kugusana na ukuta mimi siipendi kwa majengo ya mawe na tofali za zamani, unyevu wa ardhini ukikosa pa kutokea nje unapanda kwenye ukuta. Weka kokoto pale kando ya ukuta, na bomba la kutoa maji chini yake kama hela ipo.

Kwa wale wenye majengo kando ya maji kabisa, ulizia wazee na wavuvi 2020 ziwa lilifika wapi. Mwaka ule Victoria ilipanda juu kuliko kumbukumbu zote za nyuma yake, fukwe nyingi zilimezwa. Ziwa kama liliingia ndani ya jengo, au lilifika mlangoni, tafuta jengo lingine, siongezi neno. Na jengo jipya ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu hapo, kwa hiyo usijiongezee bawa kuelekea majini eti kwa ajili ya vyuu, watu walitazame ziwa.

Ukuta sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoharibiwa kuliko kote.

Kuta nyingi za kabla ya uhuru zimejengwa kwa mawe au tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo au chokaa, sio sementi. Jaribu hivi: chukua msumari wa inchi nne, kwaruza kwenye kiungo cha tofali pasipopigwa plasta mpya. Ikimomonyoka kwa urahisi inakuwa unga, chukua huo unga, tia kwenye kifuniko cha soda, dondoshea siki au ndimu. Ukitoa povu na ulikuwa laini kwa msumari, hiyo ni chokaa. Ukiwa laini na hakuna povu ni udongo. Msumari ukiteleza tu unalia kriii, mtu alishapitisha sementi hapo.

Kwa nini ni ishu? Ukuta wa chokaa unapitisha unyevu, unaingia na kutoka. Ukiupiga plasta ya sementi, unyevu unaingia kwa msingi na kwenye vinyufa lakini hauna pa kutokea, unajikusanya nyuma ya plasta, tofali laini linaoza na kuliwa na chumvi, siku moja plasta yote inadondoka na nusu ya tofali. Na sisi tuna ile rangi ya mafuta, ule mkanda wa chini kwenye kila shule, zahanati na ofisi ya serikali, mita moja na nusu kutoka chini, kahawia au bluu. Ule mkanda ndo unaziba kabisa pale ambapo ukuta ulitaka kupumua. Ndo maana unaona rangi imevimba mapovu chini, unabonyeza kwa kidole inatoka vumbi jeupe. Fundi atakwambia "tuskimu tena tupake", mwambie hapana bosi.

Cha kufanya, bandua plasta ya sementi kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu, sio kwa ile mashine ya kuvunjia zege, afu acha ukuta ukauke kiangazi kizima, Juni mpaka Agosti upepo ni mzuri. Kisha piga plasta ya chokaa, moja chokaa kwa tatu mchanga, tabaka nyembamba za kama sentimita moja. Chokaa ile ya mifuko inafaa ila iloweke kwenye pipa siku kadhaa, zaidi ni bora, maji yawe juu yake muda wote, mpaka iwe nzito kama mtindi. Mchanga uwe wa mto au wa machimbo, wenye punje kali. Huku tuna bahati mchanga wetu hauna chumvi kama wa pwani, maana ziwa ni maji baridi, lakini mchanga wa ufukweni ni laini na wa mviringo haushiki vizuri, na kuuchota ufukweni kunaharibu fukwe. Chokaa inakomaa polepole kwa hewa, ikikaushwa na jua inapasuka, kwa hiyo ning'iniza magunia yaliyolowa mbele ya ukuta kwa siku kadhaa. Miwani na glovsi lazima, chokaa ikiingia jichoni sio mchezo. Mwishoni paka chokaa, au rangi inayopitisha hewa. Mafundi vijana wengi hawajawahi kuishika hii kazi, tafuta mzee mmoja aliyewahi, muweke asimamie na vijana wajifunze kwake, na mlipe vizuri, shkamoo peke yake haijengi.

Nyufa usizibe siku ya kwanza. Bandika kipande cha kioo kwa gundi kali kuvuka ufa, au chora alama mbili za penseli pande zote mbili upime umbali kati yake na uandike tarehe, uache mvua zipite. Kioo kikikatika, ufa unatembea, hapo ni injinia na msingi, sio fundi wa plasta. Kwa Bukoba na Kagera msisahau tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, majengo mengi yaliyobaki yamesimama yana majeraha ya ndani ambayo plasta mpya imeyaficha, kwa hiyo gonga ukuta usikilize, panapolia kama mtungi mtupu bandua uone.

Na kitu kikubwa zaidi: usiondoe kitu kinachobeba kabla hujaweka kingine cha kubeba. Beit el Ajaib, lile jumba la kale pale Zanzibar, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 katikati ya ukarabati, watu wakafa. Jengo la zamani linaweza kuwa limesimama kwa mazoea tu, ukitoa boriti moja iliyooza ndo unagundua ilikuwa inashika nini. Nguzo za muda kwanza, injinia asaini, mafundi wasilale ndani ya jengo.

Paa. Kama juu kuna karatasi za asbesto, zile za kijivu nene zinazovunjika kama sahani, usizitoboe wala usizivunje wala usiruhusu vijana wazitupe chini kutoka juu, vumbi lake linaingia mapafuni na haliondoki. Ziloweshwe, zishushwe nzima, zifungwe, na waulize NEMC, baraza la mazingira, pa kuzipeleka. Bati jipya chukua geji 28 kushuka 26, namba ikishuka ndo bati linanenepa, geji 30 kwa jengo la umma ni kujidanganya, na upepo wa ziwa ukija na mvua unaiondoa kama karatasi. Tumia skrubu zenye mpira.

Popo wasifungiwe ndani. Wanatoka jioni jua likizama, angalia matundu wanayotokea, ziba yote ubakize moja, hapo weka wavu unaoning'inia wa kutoka bila kurudi, wakiisha ndo uzibe. Msimu wa watoto wao uache upite. Kile kinyesi chao darini usikifagie kikavu, nyunyizia maji, vaa barakoa nzuri.

Dari ni lazima, na juu yake kitu cha kuzuia sauti na joto, maana mvua ya Mwanza kwenye bati tupu hata mtu wa pembeni humsikii, sembuse mtoto anayesomewa hadithi. Na gata. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200 likipigwa mvua ya milimita 30 ni lita 6,000 ndani ya saa moja au mbili. Hizo lita aidha zinaingia kwenye tanki zikasafishe vyoo, aidha zinaenda kwenye msingi wako.

Nikirudi kwenye lile la uzito. Vitabu ni vizito kuliko watu wanavyofikiri. Mita moja ya vitabu vilivyopangwa ni kama kilo 30 na zaidi, rafu ya ngazi sita, urefu sentimita 90, yenye vitabu pande zote mbili, inapita kilo 300 kabla hujahesabu mbao yenyewe, na ziko nyingi zimepangana. Wamarekani kwenye viwango vyao wanahesabu sakafu ya rafu za vitabu ibebe kama kilo 730 kwa mita ya mraba, sakafu ya ofisi kama kilo 245, yaani mara tatu. Kwa hiyo yale maghorofa ya Kihindi yenye sakafu ya mbao juu, weka juu viti na meza, vitabu vibaki chini. Na hapa ndo ghala la pamba linapowashinda wote, sakafu yake ilimwagwa kubeba marobota, utapanga rafu unavyotaka. Shida yake ni giza na joto, shida hizo zina dawa.

Dawa yenyewe: sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi, Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini. Madirisha ya kaskazini na kusini unayakinga kwa urahisi, kivuli kinachotokeza nusu ya kimo cha dirisha kinatosha kwa jua la mchana. Ya mashariki na magharibi hayakingiki hivyo, jua la saa kumi na moja linaingia limelala mpaka kwenye kurasa, kwa hiyo upande huo weka stoo, ngazi, vyoo, au panda mti. Ghala toboa madirisha ya juu, upande wa kaskazini na kusini, injinia akionyesha pa kutoboa, mwanga uingie ukigonga dari kwanza. Mezani unatafuta laksi, kile kipimo cha mwanga, kama 500, kwenye rafu 200 zinatosha, kuna programu za simu za kupimia, sio sahihi sana ila zinakupa picha.

Upepo mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Matundu ya chini yaangalie ziwa, matundu ya juu upande wa pili, joto litatoka lenyewe bila kiyoyozi. Lakini weka wavu laini kila tundu, mnawajua wale vijidudu vya ziwani wanaoinuka kama moshi, wakiona taa usiku wanajaa mpaka kwenye kikombe cha chai. Taa za nje ziwe mbali na milango. Na unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 muda mrefu ukungu unaota kwenye vitabu, kwa hiyo rafu isigusane na ukuta, acha sentimita kama tano hadi kumi hewa ipite, ngazi ya chini kabisa iwe sentimita 15 juu ya sakafu. Hiyo nafasi pia ndo utaonea njia ya mchwa kabla hajafika kwenye ensaiklopidia.

Umeme waya zote mpya, usijaribu kuokoa za zamani. Halafu athi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Mwamba haupitishi umeme vizuri, fundi akichomeka nondo moja kwenye kiudongo juu ya jiwe akakwambia tayari, mwambie apime mbele yako. Bonde la ziwa Victoria ni moja ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani, kinga ya radi kwenye jengo lenye watoto na kompyuta sio mapambo. Soketi ziwe nyingi kwenye meza, wanafunzi watakuja na simu. Vyoo, ukikuta jabali usipambane kuchimba, ulizia mtandao wa majitaka wa mamlaka ya maji unapita wapi kabla hujachora vilipo. Milango mikubwa ifunguke kuelekea nje, njia kati ya rafu isipungue sentimita 90, ikiwa 120 safi zaidi, na rampu kwa kila sentimita moja ya kupanda iwe na sentimita 12 za urefu.

Mpangilio wa ndani kila mtu ana mawazo yake, langu ni moja, hesabu viti kabla ya rafu. Kaa nje ya maktaba yoyote ya mkoa kipindi cha mitihani uone, wengi wanakuja na madaftari yao wenyewe, wanachotafuta ni meza, mwanga na mahali, vitu ambavyo nyumbani hawana. Chumba cha watoto kiwe na mlango wake na choo chake karibu, mbali na hao wa fomu foo. Nairobi wale wa Book Bunk, wanaokarabati maktaba za zamani, waliounda taasisi yao 2017, walianza na matawi ya mitaani, Kaloleni na Makadara, wakati lile jengo kubwa la maktaba ya McMillan la 1931 likisubiri zamu yake. Mimi naona ni akili, ukianza na dogo mafundi wanajifunza kwenye dogo.

Mbao za zamani zisitoke saiti. Nimeona jengo moja, silitaji, milango ya mvule yenye bawaba za shaba ikang'olewa ikawekwa aluminiamu, kuuliza ile milango iko wapi kila mtu anamtazama mwenzake. Piga picha kila mlango, uandike namba kwa chaki nyuma, uingize kwenye BQ, ile orodha ya kazi na gharama, kama kitu cha kukarabatiwa. Kazi ikiwa ya fosi akaunti, yaani mnasimamia wenyewe bila mkandarasi, kamati iwe na mtu anayekaa pale kutwa, sio anayepita na pikipiki saa nne.

Mwisho nunua ngazi ndefu, ya jengo lenyewe, ifungwe na mnyororo stoo, ufunguo akae nao mtunza maktaba. Mwisho wa Septemba mtu apande kutoa majani kwenye gata na mifuko kwenye mtaro wa nyuma, mwisho wa Februari tena, na kazi hiyo iandikwe kwenye bajeti ya mwaka ikiwa na jina la mtu, maana ngazi ya kuazima kwa jirani mwezi wa kumi kila mtu anaitaka.